Zuhura, Gundi Ile Ni Yako

Zuhura,

Wewe mwanamke, ndivyo tulivyokubaliana? Tangu tuvunje matanga yako hujaja kwangu hata siku moja. Mwanao Mwanaidi unamtokea. Kaniambia mwenyewe, eti ulikaa kwenye kitanda chake ukamsuka nywele huku unamsema kwa nini amekonda. Jirani yako yule wa chumba cha mbele, ambaye ulipokuwa hai hukumpa hata chumvi, naye kakuota umevaa kanga mpya. Na mimi je? Mimi niliyekuosha ulipopooza, mimi ndiye wa kupitwa kama kituo kisicho na abiria? Nalala vizuri, sinywi chai usiku nisije nikakosa usingizi ukanikuta macho. Naamka asubuhi, hakuna mtu. Mvua zimenyesha zikaisha, kahawa tumechuma, migomba imezaa, wewe kimya. Umeota mapembe huko ulikokwenda?

Basi nimeamua kukuandikia, utake usitake. Usicheke mwandiko. Shule sijaikanyaga, unajua. Baba alisema ng'ombe hajui kusoma na maziwa anatoa. Herufi hizi ni zako, ulinifundisha nyuma ya zile lebo zilizochapwa vibaya ulizokuwa unazileta kutoka kiwandani. Upande wa mbele picha ya nanasi, upande wa nyuma a, e, i, o, u. Kwa hiyo ukiona nimekosea mahali, lawama ziende kwa mwalimu.

Nina habari ya kesi. Lakini mwisho wake sikupi kwanza. Wewe ulikuwa na tabia mbaya ya kumaliza nyama ndipo uguse ugali. Leo utaanza na ugali. Tena nitakusimulia tangu mwanzo kama vile hukuwepo, maana najua huko wenzio wanakuuliza ulikuwa nani duniani, na wewe nakufahamu, utajisifia pilau ukaacha jambo lenyewe. Waambie hili.

Waambie kwamba ulikuwa mbandika lebo. Kwamba mimi nilikuwa mama wa maziwa, nateremka kutoka mlimani asubuhi na kopo kichwani mpaka Kaloleni mjini, na wewe ulikuwa mteja mgomvi kuliko wote. Kila siku unachovya kidole, unalamba, unaniuliza, "Mama Ndeshi, leo umeongeza mto gani?" Mimi nakujibu, "Mto alimozama mama mkwe wako." Watu wa uani wakadhani tunachukiana. Kumbe ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana.

Enzi zile kiwanda cha juisi kilikuwa cha serikali, na gundi ilikuwa haipatikani kama sukari ilivyokuwa haipatikani. Chupa zinatoka kuoshwa zimelowa, lebo hazishiki, na wasimamizi wanawapigia kelele nyie akina mama mezani kana kwamba gundi mmeificha kwenye sidiria. Ndipo ukakumbuka yule seremala mzee wa mtaani kwenu aliyekuwa akichemsha maziwa ya mgando na magadi, haya haya magadi ya kulainishia makande, akapata ute wa kuunganishia mbao. Ukaanza kuninunulia mgando. Ute ulishika kweli. Ila baada ya siku chache ulikuwa unaoza. Unanuka, Zuhura, unanuka mpaka paka walihama. Msimamizi wenu, yule tuliyempa jina la Bwana Marashi kwa jinsi alivyokuwa akijimwagia manukato, alikuwa akipita meza yenu na leso puani. "Mnabandika lebo au mnazika mtu?" Unakumbuka. Ulikuja kunisimulia unacheka, lakini siku ile hukuchovya kidole.

Sasa waambie juu ya kibuyu.

Ulipanda kwangu msimu wa mvua kutengeneza gundi nyingi kwa pamoja, kwa sababu mjini wenye nyumba walikuwa wamekukataza. Mimi nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Ndoo yako ikavuja. Mtu mwenye akili angeningoja. Wewe, mtoto wa watu wa pwani uliyezaliwa Kaloleni, ulitazama juu ya jiko ukaona kibuyu kinaning'inia, ukasema alhamdulillahi, chombo hiki hapa. Ukamimina mgando, ukamimina na magadi, ukakoroga.

Kibuyu cha mama yangu! Mama yangu alikuwa Mwarusha, alikuja nacho alipoolewa huku kwa Wameru. Kile hakitiwi maji. Kinasafishwa kwa moto: unachoma kijiti cha mti wa loirien, kikishakuwa kaa unasugulia ndani mpaka kibuyu kiwe cheusi na kinukie moshi. Ndiyo maana maziwa yake yanakaa muda mrefu na hayaharibiki. Na humo haingii kitu kisichokuwa cha kunywa mtu. Hata mtoto anayetambaa kwetu anajua. Ukiweka kitu kingine humo umewatukana ng'ombe, umemtukana na aliyekuachia. Magadi na gundi? Nilipoingia nikaona unakoroga huku unaimba, sikuuliza. Nilichukua mwiko nikakupiga mgongoni. Ukapiga kelele, "Mama Ndeshi, chombo tu!" Nikakupiga tena kwa hilo neno "tu". Na leo ungefanya vile ningekupiga tena, nakuambia ukweli mbele ya Mungu wako na wangu.

Kibuyu nikakitupa migombani, na wewe ukateremka mjini kwa hasira bila hata kuaga. Hukununua maziwa kwangu mpaka mvua zilipokatika. Siku moja nakwenda kukata mkungu, nikakiona. Nikasema ngoja nikakizike kwa heshima, hakiwezi kulala nje kama kopo. Nilipokiinua hakikunuka. Nikachungulia, gundi imo, imelala kama uji, ina vichembe vyeusi. Nikaingiza kidole. Zuhura, kidole kilishika kwenye kidole kingine nikashindwa kushika panga. Nilitembea vile vile mpaka Kaloleni vidole vimegandana, nikakukuta umekaa kizingitini unachambua mchele, nikakunyooshea mkono. Hukunisalimia. Ulinusa. Ukaninusa tena mpaka kwenye kiwiko. Ukasema, "Mkaa." Tukakaa chini wote wawili tukacheka mpaka jirani akatoka kuuliza nani kaolewa.

Kuanzia hapo tukaacha vibuyu vya watu. Tukasaga mkaa wa loirien kwenye kinu tukauweka sufuriani, na wewe ndiye uliyejaribu mkaa wa mgunga, gundi ikaoza. Mkaa wa mparachichi, ikaoza. Ukakaa na loirien mpaka ukajua ni kiasi gani. Ulikuwa unajaribu kama mtu anayetafuta mchumba wa mwanawe.

Tukampelekea Bwana Marashi. Akatazama vile vichembe, akasema, na maneno yake sijayasahau wala wewe hukuyasahau, "Huu ni uchafu. Hakuna fundi duniani anayetia masizi kwenye gundi ya karatasi nyeupe. Chujeni." Tukachuja ili kumridhisha. Ikaoza. Akasema mnaona, gundi yenu ni ya kuoza tu. Hapo hapo ikaja ile biashara huria. Ruksa kila kitu, gundi ya nje ikajaa madukani kwenye madebe yenye picha, kiwanda kikauzwa kwa watu binafsi, na meza yenu nzima ya akina mama ikaambiwa asanteni, kwaherini. Wewe ukatolewa, Bwana Marashi akapandishwa akawa meneja.

Mtoto wa dada yangu, Anande, ndiye aliyeleta habari ya hataza. Alikuwa ameanza uwakili hapa mjini, akaja kunisalimia, akaniona na madumu ya gundi, akauliza. Akatueleza kwamba kuna karatasi ya serikali inayosema kitu hiki amekibuni fulani, na mtu mwingine asikitumie mpaka aombe ruhusa. Mimi nikasema iandikwe wewe, maana mimi mchango wangu ulikuwa mwiko. Ukakataa. Nikakuambia ukikataa nakupiga mwingine. Ikaandikwa Zuhura. Uliitia kwenye fremu ukaitundika ukutani, chini kidogo ya ile aya ya Kurani, na kila mgeni akiingia unajifanya unafuta vumbi.

Haya, ugali umekwisha. Tunakuja kwenye mifupa.

Gundi ya nje ilipopanda bei, Bwana Marashi akawakumbuka akina mama wa uchafu. Hakuja kuuliza. Aliwaweka watu wake wachemshe mgando na magadi, akawatuma mlimani kutafuta loirien. Ulipokwenda kumwambia kwa heshima, baba, hii ina mwenyewe, hakukupa hata kiti. Kampuni ikapeleka mashtaka ili karatasi yako ifutwe. Na neno walilolitumia ni moja: bayana. Kwamba maziwa ni ya zamani, magadi ya zamani, mkaa wa zamani, na kuviweka pamoja ni jambo lililo bayana, fundi yeyote wa kawaida angelifikiria akiwa anasinzia. Wewe hukubuni kitu.

Mara ya kwanza iliposikilizwa kule Dar, wakakubaliwa. Nilikuja stendi kukupokea. Ulishuka umeshika ule mfuko wako wa karatasi kifuani, kilemba kimekaa upande. Nikakuuliza, vipi? Ukanijibu, "Wamesema ni bayana." Basi. Na ugonjwa ulipokuangusha, ulipopooza upande na mdomo ukavutwa, kati ya maneno machache yaliyobaki kinywani mwako ndilo hilo lilibaki. Nakulisha uji, unasema bayana. Nakugeuza, bayana. Mimi nilikuwa natoka nje naegemea ukuta wa choo nauma kanga. Halafu narudi nakuambia, kula, mjinga wewe, tunakata rufaa.

Hukuingoja.

Nisikilize sasa, maana hili hukuliona. Siku ya matanga, watu wamejaa uani, mikeka mpaka barabarani, gari la kampuni likasimama. Bwana Marashi akashuka na suti, nyuma yake vijana wanashusha kreti za juisi. Rambirambi. Akasimama mbele ya waombolezaji, akasema marehemu alikuwa mfanyakazi mwenye bidii, na ingawa tulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu kitu ambacho kila mtu anakijua, sisi hatuna kinyongo. Hana kinyongo! Aliyekupora hana kinyongo na wewe uliyeporwa! Wageni wakapewa chupa. Mimi nikapewa ya kwangu, baridi, inatoka kwenye barafu, na lebo imeshika kama ngozi. Nikaingiza ukucha nikaivuta. Nyuma yake, Zuhura, vichembe vyeusi. Mtu yule alikuja kuwanywesha watu matanga yako kwa gundi yako.

Nilisimama. Mwanaidi akanivuta kanga, "Mama, tafadhali, msibani." Nikakaa kwa ajili yake. Lakini nilimtazama yule mtu mpaka akasahau alikuwa anasema nini, na nikaapa pale pale, nimekaa kwenye mkeka wako, kwamba sitaingia kaburini kabla hajasema kwa mdomo wake gundi hii ni ya nani. Pesa sikuzifikiria. Nilitaka mdomo wake.

Rufaa ikaendelea kwa jina la Mwanaidi, kama mrithi wako. Anande aliniambia kwamba kwenye rufaa kwa kawaida hawaiti mtu, wanasoma tu yaliyokwisha kuandikwa. Ila aliomba nisikilizwe kuhusu jinsi gundi ilivyopatikana, na jaji akakubali. Nikavaa gauni langu la Krismasi, na juu yake ile kanga yako ya kijani. Niliingia mahakamani kama naenda kwenye posa.

Wakili wao hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa kijana mlaini, akainama, "Shikamoo bibi." Nikaitika marahaba, ningefanyaje. Akaniuliza, bibi umefuga ng'ombe tangu lini? Tangu kuzaliwa. Kibuyu mnasafisha na nini? Na mkaa wa loirien. Kwa nini? Maziwa yasiharibike. Na hilo huko kwenu mlimani analijua nani? Nikasema kila mtu, hata mtoto anayetambaa. Akatabasamu, akamgeukia jaji, akasema mheshimiwa, tumesikia: mkaa huu unazuia maziwa yasioze, kila mtu analijua, na gundi hii ni maziwa. Bayana. Akakaa chini. Nikamtazama Anande, amejishika paji la uso. Nikamtazama Bwana Marashi, anafuta miwani taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Zuhura, nilidhani nimekuua mara ya pili. Kwa mdomo wangu huu.

Hasira ikanipanda. Nikasema bila kuulizwa, "Kila mtu anajua, ndiyo, na ndiyo maana hakuna mtu angefanya!" Jaji akainua uso, akaniambia endelea bibi. Nikamwambia baba, kibuyu kile ni cha maziwa ya kunywa. Kwetu kuweka gundi mle ni kama wewe uchukue kikombe cha meza ya Bwana ukachanganyie rangi ya mlango. Nimeishi na mkaa ule miaka yangu yote, na kama si yule mwanamke ningekufa sijawahi kuufikiria kwenye gundi, maana kichwa changu kingekataa kufika huko. Jaji akauliza, na yeye marehemu alijua siri ya mkaa? Nikasema hakujua lolote, alikuwa mtu wa mjini, alidhani ni chombo tu. Akauliza, ulipomkuta ulifanyaje? Nikasema nilimpiga. Akaacha kuandika. "Ulimpiga?" Na mwiko, nikasema, mgongoni, mara mbili, na kibuyu nikakitupa. Watu wakacheka mpaka karani akapiga meza. Jaji naye aliziba mdomo na mkono, lakini mabega yalimsaliti.

Hapo ndipo mtoto wa dada yangu aliposimama, na nakuambia, ziwa alilonyonya halikupotea bure. Akasema mheshimiwa, anayeujua mkaa hathubutu kuutia kwenye gundi, na anayethubutu hakuujua mkaa. Huyo fundi wa kawaida ambaye kwake jambo hili ni bayana, wenzetu watuonyeshe anaishi mtaa gani. Halafu akasoma yale maneno ya Bwana Marashi, kwamba hakuna fundi duniani anayetia masizi kwenye gundi, maneno ambayo wenzako wawili wa mezani walikuwa wamekwisha kuyaapia. Akamwuliza jaji: jambo ambalo meneja wa kampuni wa leo alilikataa jana akaliita uchafu, limekuwa bayana saa ngapi?

Ile miwani, Zuhura. Bwana Marashi aliifuta mpaka ikamdondoka.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha kupanda ngazi, nikamshika Anande mkono nikamwambia ukisikia tumeshinda nifinye. Akanifinya nikapiga kelele. Rufaa imekubaliwa. Karatasi yako imerudi hai. Kampuni iache mara moja kutumia gundi yako. Sikulia pale. Nilimfuata yule mtu mpaka nje kwenye ngazi, nikamwambia, "Pole baba. Si unajua, ilikuwa bayana." Nimekutunzia uso alioufanya. Ukija nitakuigizia.

Sasa kisasi. Usiniambie niache, nakujua moyo wako wa pamba.

Lebo zake zikaanza kuteleza, wenye maduka wakaanza kurudisha kreti. Akapanda kwangu mwenyewe, gari likakwama kwenye tope la shamba la kahawa, akamalizia kwa miguu. "Mama yangu," ananiita. Lini nilimzaa? Nikampa kigoda karibu kabisa na pipa la mgando, akakaa pale anameza mate. Anataka ruhusa. Nikamwambia ruhusa si yangu, ni ya Mwanaidi, iko Kaloleni, uani pale pale ulipoleta kreti. Nenda Jumapili mchana, nitawaita akina mama wale wale. Useme kwanza gundi aliibuni nani.

Akaja. Tulikuwa kwenye mikeka, wenzako wa mezani wote, nami mbele kama bibi harusi. Akasema chinichini kwamba gundi ile aliibuni marehemu Zuhura. Mama Shabani, yule wa meza yenu, akasema, baba, sisi wazee masikio yameziba. Akarudia. Jirani yako wa chumba cha mbele, yule yule, akasema huku nyuma hatujapata. Akarudia kwa sauti, shingo imejaa mishipa, "Aliibuni Zuhura, na mimi niliiita uchafu!" Vigelegele vilivyopigwa pale, kama hukuvisikia basi huko hakuna masikio.

Kisha akamgeukia Mwanaidi, akauliza, sasa ruhusa? Mwanaidi akanitazama. Nikatikisa kichwa. Mwanaidi akasema, "Hapana, baba. Ruhusa tumewapa akina mama hawa." Na ni kweli, wenzako wanachemsha sasa hivi, Moshono, kwenye banda la Mama Shabani, na kiwanda kipya cha asali kinanunua kwao. Bwana Marashi akanigeukia, eti nilimwahidi. Nilimwahidi lini? Nilimwambia aje aseme. Sikusema akisema atapewa. Akaondoka, na njiani akina mama wakampisha kwa heshima zote, kila mmoja na leso puani.

Mchungaji alinijia baadaye. Kisasi ni cha Bwana, mama, mwachie Mungu. Nikamwambia nimemwachia, mchungaji, mimi namsaidia tu kubeba, kazi zake ni nyingi. Akaomba, akanywa chai, akaenda.

Lakini Zuhura.

Siku ile watu walipoondoka nilibaki uani peke yangu nakunja mikeka. Nikageuka nikuambie umeonaje mishipa yake ile. Nikafungua kabisa mdomo. Nikakuta ukuta. Nilidhani nikishamwona ameaibika moyo utapoa. Umepoa upande mmoja, kama wewe ulivyopooza. Upande wa pili unawaka vile vile, na huo hauna jaji. Sasa nani ataniuliza nimeongeza mto gani? Mteja niliye naye siku hizi ananunua, anashukuru, anaondoka. Ananishukuru, Zuhura! Nakosa hata wa kumtukana.

Basi, kwaheri mwenzangu. Mwanaidi anakula, nimemsimamia, mashavu yamerudi. Kaburi lako tumelipalilia, na upande wa kichwani nimepanda mti mnaoupenda nyie watu wa mjini, ule wa maua usiozaa kitu. Nakuahidi hili: madumu yote yanayotoka Moshono yana jina lako, na maadam nina mikono, hakuna atakayelibandua. Na yule mtu simsamehe. Siku nikijisikia kumsamehe nitajua nina homa, nitameza dawa.

Ukiamua kuja, na uamue, usianzie kwangu. Anzia kwake. Baada ya chakula cha mchana huwa anasinzia ofisini, kichwa kimeegemea mgongo wa kiti, mdomo wazi, walinzi wameniambia. Usimguse, usimwambie neno. Kaa tu mezani mbele yake, na kilemba chako kikiwa sawasawa, umtazame mpaka ashtuke. Ukimaliza panda moja kwa moja kwangu, unisimulie alivyoruka, na usiruke hata kipande.

Mimi wako,
Mama Ndeshi